Simu yako na mtu anayekutesa: jinsi ya kujilinda bila kumshtua

Kama uko hatarini sasa hivi, acha kusoma utafute msaada. Ukiwa Kenya, polisi wanapatikana kwa 999 au 112, na 1195 ni namba ya bure, saa 24, kwa wanaofanyiwa ukatili wa kijinsia. Ukiwa Tanzania, polisi ni 112. Anayeumizwa akiwa mtoto, 116 inapatikana bure nchi zote mbili. Ukishindwa kupiga, toka nje uende penye watu: kwa jirani, kwa mjumbe, dukani, msikitini, kanisani.

Mwongozo huu ni wako ikiwa unaishi na mtu anayekupiga, anayekutisha au anayekunyima hata hela ya matumizi, na umeanza kugundua kwamba anajua mambo ambayo hukumwambia. Anajua ulipita kwa dada yako. Anarudia maneno uliyomwandikia rafiki. Anauliza kuhusu elfu kumi uliyotumiwa na mama. Wengi wakifika hapo hubadilisha namba ya siri usiku huohuo, au huipeleka simu kwa fundi aiflashi. Nakuomba usianze na hilo.

Mtu anayekufuatilia kwa simu amezoea kukuona. Siku asipokuona anajua umeshtuka, na mtu wa namna hiyo huwa hatari zaidi anapohisi unamponyoka. Ndiyo maana kipindi cha kujiandaa kuondoka, na siku za mwanzo baada ya kuondoka, ndicho cha kuogopwa kuliko vyote. Kwa hiyo mpangilio wa hatua una uzito kuliko hatua zenyewe. Kwanza upate njia ya mawasiliano asiyoijua. Kisha ujue anakuonaje. Kisha ukusanye ushahidi. Kumfungia milango kuje mwisho, siku uliyoichagua wewe, ukiwa mahali ambapo mkono wake haufiki. Hadi siku hiyo, simu anayoichungulia iendelee kuonekana ya kawaida: ongea na mama mkwe, tazama vichekesho, ulizia bei ya mchele.

Hatua ya 1: Pata simu asiyoijua

Simu salama kuliko zote mwanzoni ni ya mtu mwingine. Inaweza kuwa ya dada yako, ya mwenzako wa kazini, ya mama wa kikoba chenu, ya muuguzi kliniki. Itumie kupiga namba za msaada, kuongea na mwanasheria, kusoma mambo kama haya. Tahadhari moja watu huisahau: ukiingia kwenye Gmail yako ukitumia simu ya rafiki, ulichotafuta Google na ulichotazama YouTube vinahifadhiwa kwenye akaunti yako, na yeye akiwa na akaunti hiyo kwenye simu yake atavikuta. Tumia kichupo fiche (Incognito), usiingie kwenye akaunti yoyote yako.

Kama unaweza kupata simu yako ya pili, kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, kinatosha. Ni bei nafuu, chaji inakaa siku kadhaa, na hakina akaunti ya Google ya kukusaliti. Usikifiche nyumbani kama anapekua. Kiache kazini, dukani kwa rafiki, au kwa jirani unayemwamini kabisa. Kikiwa nyumbani, kizime, usiache kwenye mtetemo. Mtetemo juu ya kabati la mbao usiku unasikika chumba cha pili.

Laini ya kitochi hicho inahitaji kufikiriwa. Kenya na Tanzania laini zote husajiliwa kwa kitambulisho, na Tanzania ni kwa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Nchi zote mbili, *106# ndiyo njia ya kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Huduma hiyo inatusaidia dhidi ya matapeli, lakini kwako ina upande wa pili: akichukua simu yako ya kila siku akabonyeza *106#, anaweza kugundua una laini mpya. Kama ana tabia ya kuchokonoa hivyo, endelea na simu ya kuazima mpaka utakapokuwa umeondoka, ndipo usajili yako. Kusajili laini kwa kitambulisho cha mtu mwingine sikushauri. Pesa na namba vinabaki vya huyo mtu, na mkikosana umepoteza vyote.

Shika kichwani namba mbili za watu wako. Kuzihifadhi kwa jina la "Fundi cherehani" husaidia kidogo, lakini namba uliyoikariri hakuna anayeweza kuifuta wala kuipasua ukutani.

Hatua ya 2: Jua laini unayotumia ni ya nani

Hapa ndipo ningekaa na wewe kwa muda mrefu kuliko mahali pengine, kwa sababu watu huhangaika na programu za upelelezi wakati tatizo liko kwenye usajili. Wake wengi wanatumia laini walizonunuliwa na waume zao enzi za uchumba, na laini hiyo ikasajiliwa kwa kitambulisho chake. Maana yake ni kwamba yeye ndiye mwenye laini. Anaweza kwenda dukani kwa mtandao husika, akasema kadi imepotea, akapewa nyingine yenye namba yako. Kadi yako inakatika palepale. Simu zako zinaingia kwake, M-Pesa au Airtel Money yako inakuwa hatarini, na msimbo wa kufungulia WhatsApp unatumwa kwake.

Angalia kwa *106#, au nenda dukani kwa mtandao wako na kitambulisho chako uulize laini ina jina la nani. Kama ni lake, usianze mchakato wa kuhamisha jina, itabidi ahusike. Ichukulie laini hiyo kama ya kupita. Usiweke akiba humo, na usiitumie kufungulia akaunti mpya ya barua pepe au benki.

Kama laini ni yako, bado kuna njia ya wakala asiye mwaminifu kuibadilisha. Wateja wa Safaricom wanaweza kubonyeza *100*100# ili laini isibadilishwe na wakala wa mtaani. Mitandao mingine, uliza dukani kwao.

Ukiwa hapohapo kwenye laini, bonyeza *#21#. Skrini itaonyesha kama simu zako zimeelekezwa kwa namba nyingine. Ukiona namba usiyoijua, inakili kwenye karatasi. Kwa *#62# usishtuke ukikuta namba. Mara nyingi ni ya kisanduku cha ujumbe wa sauti cha mtandao wenyewe. Namba ya kuondoa uelekezaji wote ni ##002#, lakini hiyo iache kwa siku ya kufunga milango.

Hatua ya 3: Fungua WhatsApp uangalie mahali pamoja

Njia inayotumiwa sana kuchungulia mazungumzo haihitaji utaalamu wowote. Anachukua simu yako ukiwa bafuni, anafungua WhatsApp, anaskani msimbo kwenye kompyuta au simu yake ya pili, anairudisha kitandani. Haimalizi dakika. Tangu hapo anasoma kila unachoandika akiwa ofisini.

Fungua WhatsApp, bonyeza nukta tatu juu kulia, kisha Vifaa vilivyounganishwa. Simu ikiwa kwa Kiingereza utaona Linked devices. Kwenye iPhone iko ndani ya mipangilio. Ukikuta orodha tupu, njia hiyo haijatumika kwa sasa. Ukikuta mstari unaosema Google Chrome, Windows, na chini yake muda wa mwisho kutumika, na wewe huna kompyuta, umepata jibu. Usiubonyeze. Ukikiondoa kifaa hicho, kule kwake WhatsApp inamtoa papo hapo naye anajua. Piga picha ya skrini hiyo ukitumia simu ya rafiki, ili picha isibaki kwenye simu yako, na uendelee kuzungumza mambo ya kawaida ukijua kuna anayesoma.

Siku ya kufunga, utaondoa vifaa vyote hapo, kisha utaweka uthibitishaji wa hatua mbili, ile PIN ya tarakimu sita ambayo WhatsApp huiuliza mtu akijaribu kusajili namba yako kwingine. Tarakimu hizo zisiwe mwaka wa mtoto kuzaliwa wala mwaka wa ndoa.

Ujumbe unaojifuta wenyewe una faida kwa mazungumzo mapya, ila ukiuwasha, alama yake inaonekana kwenye gumzo na inazua maswali. Kufuta historia yote ni vibaya zaidi. Simu isiyo na ujumbe hata mmoja inaongea. Futa ule unaokuhatarisha tu, baada ya kuhifadhi nakala kwingine kama ni ushahidi.

Hatua ya 4: Akaunti ya Google au Apple

Simu nyingi za Android hapa kwetu hufunguliwa akaunti na mtu mwingine: mume, shemeji, kijana wa dukani ulikonunua. Aliyeifungua anajua nenosiri. Mwenye nenosiri la Google yako anaweza kuona simu ilipo kwenye ramani, kusoma barua pepe, kutazama picha zilizohifadhiwa, na kuona majina mapya unayohifadhi kwenye simu, yote bila kusakinisha chochote.

Nenda kwenye mipangilio, gusa sehemu ya Google, kisha udhibiti wa akaunti, kisha usalama, uangalie orodha ya vifaa. Kila simu na kompyuta iliyoingia na akaunti yako imeandikwa hapo. Halafu fungua Ramani za Google, gusa picha yako juu, angalia sehemu ya kushiriki mahali ulipo. Jina lake likiwa pale, unaonekana kila unakokwenda mpaka mtu aizime. Angalia pia alama za vidole zilizohifadhiwa kwenye simu. Wakati mwingine kuna kidole kimoja zaidi ya unavyokumbuka.

Hapa pia usibadilishe nenosiri sasa. Google hutuma taarifa ya mabadiliko kwa namba na barua pepe za ziada zilizounganishwa na akaunti, na huenda ni zake. Badala yake, kwenye simu ya kuazima, fungua akaunti mpya kabisa yenye jina lisilokutambulisha, usiiunganishe na namba wala barua pepe ya zamani, na usiifungue hata mara moja kwenye simu inayochunguliwa.

Mwenye iPhone ana kitu kimoja kizuri: kuanzia iOS 16, ndani ya mipangilio ya faragha na usalama kuna Safety Check. Inakuonyesha nani anaona mahali ulipo, programu zipi zinapata nini, na ina sehemu ya dharura ya kukata vyote kwa mkupuo. Ina pia kitufe cha kutoka haraka mtu akitokea nyuma yako. Kuangalia ni sawa wakati wowote. Kukata ni kwa siku yako.

Hatua ya 5: Programu za upelelezi

Zipo, na kuzisakinisha kwa mwenzi bila ridhaa yake ni kosa. Lakini usianze kwa kuzidhania. Watu watakuambia simu ikipata moto na chaji kuisha haraka basi kuna mtu ndani. Betri iliyochoka hufanya hivyohivyo. Dalili ya kuaminika zaidi ni yeye kujua jambo ambalo lilikuwa ndani ya simu tu na haliwezi kuelezwa na WhatsApp, akaunti, au mdomo wa mtu.

Kwenye Android fungua Play Store, gusa picha yako, ingia Play Protect. Ikiwa imezimwa na si wewe uliyeizima, hiyo ni dalili nzito, kwa sababu programu hizi nyingi hutaka izimwe kwanza. Kisha kwenye mipangilio tazama sehemu tatu: ufikivu (Accessibility), programu za msimamizi wa kifaa, na programu zinazoruhusiwa kusoma arifa. Humo ndimo zinapojificha kwa majina ya kujifanya za mfumo. Ukiona usiloelewa, lipige picha kwa simu nyingine umwonyeshe mtu anayejua. Fundi wa mtaani kwenu asiwe chaguo la kwanza kama ni rafiki wa mumeo. Nenda mtaa mwingine, na useme tu kwamba unataka kuelezwa, usiruhusu afute.

Kuirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani huondoa nyingi ya programu hizi. Huondoa pia ushahidi. Na ukirejesha nakala ya zamani baada ya hapo, unaweza kurudisha tatizo lilelile.

Kama unatumia kitochi, au mulika mwizi kama wasemavyo Wakenya, mambo ni machache: orodha ya simu zilizopigwa, meseji, na kama kuna kurekodi simu kulikowashwa kwenye mipangilio. Futa namba moja tu iliyokuhatarisha, kisha piga namba ya kawaida ili ya juu iwe ya mtu wa kila siku.

Hatua ya 6: Pesa kwenye simu

Mtesaji asiyejua chochote kuhusu WhatsApp bado anajua kusoma meseji za pesa. Tazama meseji ya kutoa pesa M-Pesa Kenya: ina kiasi, jina la wakala na mahali alipo, tarehe, saa, na salio lililobaki. Ukitoa mia tano kwa wakala wa karibu na kituo cha msaada, meseji hiyo imemwambia ulikuwa wapi na lini. Kufuta meseji hakutoshi, maana taarifa ya miamala inaweza kuombwa tena na yeyote mwenye simu na PIN yako.

Kwa hiyo toa pesa kwa wakala wako wa siku zote, kwa viwango vya siku zote. Nauli ya kuondokea usiikusanye kwenye laini anayoijua. Iweke kidogokidogo kwa mweka hazina wa chama au kikoba unayemwamini, au kwa ndugu yako, fedha taslimu mkononi. Aliye na uwezo afungue akaunti ya benki kwenye tawi la mbali, kwa namba ya simu asiyoijua mtesaji, na aombe asitumiwe barua nyumbani.

Angalia mikopo. Mwenye PIN yako anaweza kuchukua Fuliza au M-Shwari Kenya, au Songesha Tanzania, na deni likawa jina lako. Omba taarifa ya miamala. Kwa Safaricom hupatikana kwa *334#. Deni usilolichukua ni ukatili wa kiuchumi, na Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya Kenya ya mwaka 2015 inautambua ukatili wa aina hiyo pamoja na kufuatiliwa, kutishwa na kuteswa kihisia.

Usisahau usafiri. Programu za Bolt na Uber huhifadhi kila safari na mahali uliposhukia. Safari ya kwenda kwa mwanasheria nenda kwa daladala au matatu, au boda ya kulipa mkononi.

Hatua ya 7: Ushahidi

Mtu akikuandikia "utaona" saa nane usiku, kisha asubuhi akaandika "nisamehe mke wangu", vyote viwili ni ushahidi, na viko pamoja kwa sababu. Usikate picha ya skrini ibaki na sentensi moja mbaya. Picha nzuri inaonyesha namba yenyewe badala ya jina ulilomhifadhi, tarehe, saa, na ujumbe wa kabla na baada. Kwa mfuatano mrefu, vuta skrini polepole na upige picha nyingi ambazo kila moja inaanza na mstari wa mwisho wa iliyotangulia.

Zitoe kwenye simu yako. Njia rahisi ni kutumia simu ya ndugu kupiga picha skrini yako moja kwa moja. Ukizituma kwa WhatsApp inayosomwa, umemwonyesha yeye. Ujumbe wenyewe usiufute ikiwa ni salama kuuacha, kwa kuwa mahakamani simu yenye ujumbe halisi ina nguvu kuliko picha yake. Mahakama za Kenya huhitaji hati maalum kwa ushahidi wa kielektroniki, chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Kwa hiyo kumbuka nani alipiga picha, kwa simu gani, lini, na zikachapishwa wapi. Tanzania, kupokelewa kwa ushahidi huo kunaongozwa na kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, na mahakama huangalia namna ulivyotunzwa.

Weka daftari kwa mtu, siyo nyumbani. Andika tarehe, saa, alichofanya, aliyekuwepo. "Jumapili, saa mbili usiku, alinipokonya simu akaivunja mbele ya mdogo wangu" ni sentensi yenye thamani kubwa miezi sita baadaye, kumbukumbu ikiwa imechoka.

Ukiumizwa, nenda polisi uchukue fomu ya matibabu kabla ya majeraha kupona: PF3 Tanzania, P3 Kenya. Hali ikiwa mbaya, tangulia hospitali, fomu itafuata. Omba namba ya taarifa yako, RB kwa Tanzania, OB kwa Kenya, uihifadhi nje ya simu inayochunguliwa. Tanzania ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, au Kituo cha Mkono kwa Mkono pale kilipo, ambako matibabu, polisi na ustawi wa jamii vinapatikana chini ya paa moja. Kenya, Hospitali ya Nairobi Women's ina kituo cha kuhudumia waathirika wa ukatili wa kijinsia, na Mombasa kipo Coast General. Kwa msaada wa kisheria kuna FIDA Kenya. Tanzania Bara kuna TAWLA, WLAC na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Zanzibar kuna ZAFELA.

Ukiambiwa kituoni kwamba hayo ni mambo ya ndani ya ndoa, jibu kwa heshima lakini usiondoke. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 kinasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Kenya, mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi, hata ya muda wakati kesi inasubiri kusikilizwa. Na kama anatishia kusambaza picha zako za faragha, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya Kenya ya 2018, kifungu cha 37, inafanya usambazaji huo kuwa kosa. Tanzania ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Aibu ya picha hizo ni ya anayezisambaza. Nenda karipoti.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Kabla ya siku, kubalianeni na mtu wako ishara. Meseji ya "Nipigie tafadhali" inatumwa hata bila salio, na ndiyo maana naipenda: ikitoka kwako mara mbili mfululizo, yeye anajua aite polisi au aje. Au sentensi isiyo na mashaka kwa anayesoma, "umenipatia yale maharage?", yenye maana mliyokubaliana. Simu nyingi za Android na iPhone zina njia ya kupiga dharura kwa kubonyeza kitufe cha kuwashia mara tano. Ijaribu mapema ukiwa mbali na nyumbani, kwa uangalifu usiipige kweli, maana baadhi hutoa mlio mkubwa.

Ukishafika salama, ndipo ufunge. Tumia simu mpya au ya kuazima, fuata mpangilio huu: nenosiri la barua pepe na kutoa vifaa vyote, kisha PIN ya pesa, kisha WhatsApp, kisha benki, kisha mitandao ya kijamii. Barua pepe hutangulia kwa sababu ndiyo hutumika kurudisha nyingine zote. Simu ya zamani izime. Usiitupe wala kadi yake, vitisho vilivyomo utavihitaji. Anayekutesa akiwa askari au mfanyakazi wa kampuni ya simu, izime kabla ya kufika unakokwenda, na mweleze mwanasheria hilo mapema.

Ukifungua WhatsApp kwa namba mpya, usitumie ile njia ya kubadilisha namba ndani ya akaunti ya zamani. Makundi yote uliyomo hupewa taarifa ya namba mpya, likiwemo kundi la ukoo wake. Anza upya, ficha picha na muda wa mwisho kuonekana, na mpe namba mtu mmojammoja.

Kagua gari na mizigo. Magari mengi yamefungwa kifaa cha GPS, hasa ya mkopo. Vifaa vidogo vya kufuatilia kama AirTag huingia kwenye mfuko wa begi la shule. Simu za iPhone na Android za sasa hutoa taarifa zikikigundua kifaa cha aina hiyo kinachotembea nawe.

Watoto wako ndio wanaosahaulika hapa. Tableti ya kutazamia katuni mara nyingi ina akaunti ya baba, na ikiunganishwa tu na intaneti ya mahali mlipohamia, inaonekana kwenye ramani. Iache, au iondolewe akaunti hiyo kabla haijawashwa. Mkubwa mwenye simu mweleze kwa lugha ya umri wake kwa nini hatuweki picha mpya kwa sasa, na usimtwike siri nzito kuliko uwezo wake. Na shuleni ongea na mwalimu mkuu ana kwa ana: mwombe namba yako isiwekwe kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa, kwa kuwa baba yumo humo, na taarifa zako wakupigie moja kwa moja.